Alikuja kwa Miguu Yake

Mwaka jana nilirudi Kismayu. Nilikaa siku nne tu, maana mgongo wangu haupatani tena na vitanda vya wenyewe, na binti yangu aliyebaki Mombasa alikuwa akinipigia simu asubuhi na jioni kuuliza kama ningali mzima. Siku ya kwanza nilipanda bajaji karibu na bandari, nikamwambia kijana aliyekuwa akiiendesha anipeleke mtaa wa kanisani. Akageuka, akanitazama kwa huruma.

"Hoyo," akaniambia, kwa adabu kabisa, kama asemaye na mama yake, "kanisa gani? Kismayu hapajapata kuwa na kanisa. Labda wachanganya na Mombasa."

Sikubishana naye. Kijana wa miaka ishirini, atajuaje? Nikamwomba anishushe upande wa soko la zamani, mengine nitayatafuta mwenyewe. Lakini nikwambie kweli, rafiki yangu, maneno yale yalinichosha kuliko safari. Ukifika umri wangu wajua kwamba nyumba huanguka na watu hufa. Hilo tumelizoea sisi watu wa pwani ile. Tusilolizoea ni kuambiwa kwamba hakikuwapo kitu. Nikakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, nikaanza kujieleza kimoyomoyo kama mtu aliye mbele ya kadhi: kanisa lilikuwapo, kengele ilikuwapo, na Sista alikuwapo.

Wacha nikueleze wewe, maana una subira.

Mimi ni mzaliwa wa Chovae, kisiwa kimoja cha sisi Wabajuni. Nilipofika umri wa kwenda shule, baba alinileta Kismayu nikae na mama yake, yaani bibi yangu, katika nyumba ya ami, mdogo wake baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Ua wetu ulipakana na ua wa kanisa kwa ukuta mfupi ambao mtoto mrefu angeweza kuchungulia. Mimi sikuwa mrefu, lakini palikuwa na pipa.

Kabla jua halijapata nguvu nilikuwa nimekwisha kufagia ua, kujaza mitungi miwili, na kwenda kwa mpika mofa wa pembeni, nikirudi na mikate ya moto imefungwa kwa kitambaa, mmoja umekwisha kumegwa njiani. Bibi alijua, akinyamaza. Halafu chai ya iliki, halafu shule. Siku za wageni tulikula basta, yaani tambi za Kitaliano, kwa mikono, na ndizi pembeni, kama wanavyokula watu wa mji ule hadi leo. Na Jumapili kengele ya kanisa ililia saa tatu, nayo bibi aliifanya kuwa saa yake. "Kengele hiyo," alikuwa akisema, "teleka maharage." Mwadhini akiadhini adhuhuri, maharage yameiva. Ndivyo nilivyojifunza kupika, kati ya kengele na adhana, wala sikujua kama kuna mahali duniani watu huona ajabu.

Jirani yetu wa upande ule wa ukuta alikuwa mwanamke muuguzi ambaye mtaa mzima ulimwita Sista. Hakuwa mtawa. Aliachwa akiwa kichanga mlangoni mwa watawa wa kigeni waliokuwa wakikaa pale zamani. Wakamlea, wakamfundisha kusoma na kuuguza, na walipoondoka wakamwachia chumba kimoja nyuma ya kanisa na dini yao. Alijitanda shali kama wanawake wote wa mji. Alisema Kisomali cha hospitali na Kibajuni chetu cha mtaani, na msalaba wake mdogo aliuvaa ndani ya nguo, hauonekani ila akiinama kuosha vyombo. Wakristo wa Kismayu walikuwa wa kuhesabika. Jumapili hawakujaza mabenchi manne.

Alasiri, akitoka kazini, alipita mlango wa uani akaja kukaa na bibi kwenye mkeka. Bibi akisuka ukili, yeye akimchambulia miyaa. Mwezi wa Ramadhani hakuweka kitu kinywani mbele yetu, na siku yake ya Krismasi bibi alimpelekea sinia la halua lililofunikwa kawa. Hawakuzungumza habari za dini. Mara moja tu nilimsikia bibi akimuuliza kama haogopi, peke yake vile, bila ndugu wala ukoo wa kumsimamia katika mji ambao kila mtu huulizwa kwanza ni wa nani. Sista akaendelea kuchambua miyaa.

"Mungu hana haja ya kutetewa nami," akasema. "Anayehitaji kutetewa ni mchu."

Alisema mchu, yaani mtu, kwa lugha yetu. Nilikuwa pale pale nikipepeta mchele, nami nilidhani ni maneno tu ya watu wazima.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Tulipata habari kutoka Chovae kwamba mama yangu mdogo, yule anayemfuata mama tumbo moja, ataletwa Kismayu kujifungua, kwa kuwa mimba yake ilikuwa na taabu na mumewe hakutaka kubahatisha. Siku waliyotazamiwa bibi alikuwa na mguu umevimba, akanituma mimi gatini kuwapokea, na kikapu chenye chupa ya chai na leso mbili safi. Wakafika asubuhi. Mumewe alimshusha mwenyewe, hatua kwa hatua, kama ashushaye yai. Lakini hajamaliza kufunga chombo, askari wa bandari wakamzuia, wakataka kukagua karatasi za mashua, na karatasi za mashua ya Mbajuni siku zile hazikukosa ila.

"Nendeni," akatuambia. "Nitawakuta huko huko."

Basi tukaenda, mimi na mama mdogo, tukatembea kutoka gatini hadi hospitali ndogo ya wazazi, ambayo leo nayo haipo. Alitembea polepole, akipumzika penye kivuli, lakini alitembea. Sikumshika hata mkono.

Tulipofika tulikuta askari wawili mlangoni na wanawake wazazi wamekaa nje uani, juani, karibu na bomba la maji. Mke wa mkubwa mmoja wa jeshi alikuwa ameletwa asubuhi ile, sijui alikuwa na homa au uchovu tu, na msimamizi wa hospitali alikuwa ameamuru wodi nzima itolewe watu ili mke yule wa mkubwa apumzike. Mama mdogo hakuwahi hata kuingia. Akakaa chini kati ya wenzake, akaegemea ukuta. Baada ya muda uchungu ukamzidi, na nikaona damu.

Sista alikuwa zamu. Nilimwona akitoka, akamtazama mama mdogo mara moja, akarudi ndani mbio, na nikasikia sauti yake mlangoni, sauti ambayo uani kwetu sikupata kuisikia.

"Vitanda sita na mgonjwa mmoja! Huyu atakufa hapa nje!"

Msimamizi hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayefukuza kuku. "Hao wa visiwani wangoje. Wamezoea kuzalia mchangani."

Funguo za kabati la dawa zilikuwa mfukoni mwake na hakuzitoa. Sista akavua shali yake, akaitandika chini, akapiga magoti, akafanya alichoweza kwa mikono miwili na maji ya bomba. Wanawake wakasimama kumzungushia leso zao, na mimi wakanisukuma nyuma. Kwa hiyo sikuona mwisho. Nilisikia tu, kisha sikusikia tena. Mtoto hakulia kabisa. Mama mdogo naye hakufika alasiri. Mumewe alipokuja, anatweta, karatasi zake mkononi, alimkuta amekwisha kufunikwa.

Tulimzika kwao Chovae. Na sasa sikiliza jambo lililonifanya nizeeke kabla ya wakati. Hospitali iliandika kwamba mwanamke yule aliletwa akiwa maiti, kwamba alifia chomboni. Habari hiyo ikafika kisiwani, na kisiwani ikawa na maana nyingine: kwamba mumewe alimchelewesha, alimwacha na uchungu siku mbili tatu kwa ubahili au kwa uzembe, akampakia akiwa amekwisha kuharibika. Yeye akasema sivyo, lakini mume atasema nini tena? Kaka za mama mdogo wakaacha kumwitikia salamu. Msikitini wakisimama mbali naye. Mtu mpole yule, aliyemshusha mkewe kama yai.

Wazee wa Chovae hata hivyo walipeleka malalamiko, na baada ya arobaini ikaja tume ya watu watatu kutoka mji mkuu kuuliza. Msimamizi hakungoja. Aliandika karatasi yenye maneno yale yale, aliletwa akiwa maiti, akaipitisha kwa kila aliyekuwa kazini siku ile: wauguzi wanne, mlinzi wa lango, mpishi, mfagiaji. Wote wakatia sahihi au dole gumba. Siwalaumu, nimeishi vya kutosha kutomlaumu mtu mwenye watoto. Karatasi ilipofika kwa Sista akaisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akairudisha.

Siku ile ile padri akaja kwake. Alikuwa mzee wa kigeni, mwembamba, Kiswahili chake cha kuvunjika. Wakakaa kwenye baraza ya nyuma, na mimi nilikuwa nikianika nguo upande wetu. Sikuhitaji pipa, sauti zilifika.

"Binti yangu, sisi hapa wachache," padri alikuwa akisema. "Wakikasirika, watafunga kanisa. Watafunga na darasa la watoto. Wewe kunyamaza, si dhambi kubwa."

"Padri, sikuombwa kunyamaza," akasema Sista. "Nimeombwa niseme alikuja maiti. Nikisema hivyo nitakuwa nimemuua mara ya pili, na mumewe pamoja naye."

"Na kanisa?"

"Kanisa lililojengwa juu ya uongo kama huu, mimi nitaingia kumwomba nani humo?"

 Nilisikia kiti kikiburuzwa, na padri akasema kwa sauti iliyochoka, "Basi nitakuombea." Alipopita mbele ya nyumba yetu nilimwona akipangusa uso, na sikujua kama ni jasho.

Nyumbani kwetu nako habari ya tume ilikuwa imeingia. Wazee walikuwa wamesema kwamba mtoto alikuwa pamoja na marehemu, na mtoto ni mimi. Bandarini ami aliitwa pembeni na mkubwa wake, akaambiwa maneno mawili matatu kuhusu kazi yake. Aliporudi hakunifokea. Ningependa kukwambia alinifokea; ingekuwa rahisi kuyabeba. Alikaa kwenye ngazi ya uani, akanivuta mbele yake, akanishika mabega.

"Mwanangu, ukiulizwa, sema hujui. Hujui ni neno dogo. Halimuumizi mtu."

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake. Ukili ukasimama mkononi. "Unamfundisha nini mtoto?" akamuuliza.

"Namfundisha kula, mama," ami akajibu. "Sote humu tunakula kwa kazi hiyo moja."

 Nilimtazama bibi, nikangoja aseme. Akaendelea kusuka.

Siku ya tume bibi alijifunga mguu kitambaa, akachukua bakora, akapita mlango wa uani hadi kwa Sista. "Haiwi uende peke yako," akamwambia. Tukafuatana watatu hadi ukumbi ulipokuwa mkutano, bibi katikati akichechemea, na watu wa mtaani wakitutazama kutoka milangoni bila kutuamkia. Nje ya ukumbi walikaa wazee wa Chovae chini ya dirisha lililo wazi, na mume wa mama mdogo amejitenga nao, peke yake.

Sista akaitwa kwanza. Tulimsikia sote kupitia dirishani. Mwenyekiti akamsomea ile karatasi ya msimamizi, akamuuliza anayo ya kuongeza.

"Sina ya kuongeza. Ninayo ya kukanusha. Mwanamke huyo alikuja kwa miguu yake. Aliketi uani kwa sababu wodi ilifungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Niliomba kitanda, nikanyimwa. Niliomba dawa, nikanyimwa. Alikufa mikononi mwangu, na mumewe hana kosa."

"Wenzako wote wamesema vingine."

"Nimewasikia."

"Wewe ni Mkristo?"

"Naam."

"Huna ukoo na watu wale wa kisiwani. Nani kakutuma?"

 Sista akasema, bila hasira, "Hakuna aliyenituma. Naogopa kufika mbele ya Mungu wangu, aniulize juu ya yule mwanamke, nimjibu kwamba sikuwa ukoo wake."

Mwenyekiti akamuuliza nani mwingine aliyemwona akitembea. Alijua vizuri kwamba mimi nimekaa pale nje. Tulikuwa tumekuja pamoja. Akajibu, "Mimi niliyeona natosha."

Lakini jina langu walikuwa nalo. Nikaitwa. Meza ilikuwa ndefu, na feni ya juu ilikuwa ikigonga kama kijiko kwenye sahani. Sista alikuwa amewekwa kiti pembeni. Mwenyekiti akanitabasamia, akaniuliza kwa upole kama mama yangu mdogo alifika hospitali akitembea au amebebwa.

Nikasema, "Sijui."

Akaniuliza tena, na mimi nikasema tena. Ami alikuwa kasema kweli, neno lilikuwa dogo, lilitoka bila shida. Sikumtazama Sista. Nilitazama miguu yake, viatu vyake vyeupe vya hospitali alivyovipaka chaki asubuhi ile, na miguu haikutikisika.

Wale wanawake wa uani hakuna aliyewaita, basi ushahidi wake ukabaki mmoja dhidi ya saba. Tume ikarudi ilikotoka, na ripoti ikaandikwa kwamba mwanamke aliletwa maiti. Msimamizi akabaki na funguo zake. Sista akaachishwa kazi kwa barua ya mistari miwili. Darasa la watoto pale kanisani likafungwa, kama padri alivyohofu, na baadhi ya wale Wakristo wachache wakamnunia yeye, si msimamizi. Ukiniuliza kama haki ilishinda, nitakwambia sikuiona ikipita.

Ila jambo moja lilitokea ambalo tume haikuliandika. Wale wazee chini ya dirisha walikuwa na masikio. Maneno ya Sista yalifika Chovae kabla ya ripoti, na ripoti ilipokuja hakuna aliyeitazama. Watu walisema: mwanamke asiye wa dini yetu wala wa damu yetu, aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza, ametupa kazi yake kwa neno hili, huyo hasemi uongo. Ijumaa iliyofuata kaka mkubwa wa marehemu alimfuata shemeji yake msikitini, akamshika mkono mbele ya watu, asiuachie hadi swala ilipokwisha. Tangu hapo mume wa mama mdogo hakuja Kismayu bila kupitia kwa Sista. Aliacha samaki mlangoni, changu au tasi, wametungwa kwa kamba ya mkindu, akapiga hodi, akaondoka kabla hajafunguliwa. Hakuweza kukaa naye. Nadhani angelia.

Mimi nilimkwepa siku nyingi. Aliposikika mlangoni nilijitia kuchota maji. Mwishowe alinikuta kisimani, akachukua kamba mkononi mwangu, akavuta ndoo yeye mwenyewe.

"Una miaka tisa," akaniambia. "Mimi nina arobaini na tisa. Mzigo wa mtu mzima haukuwa wako."

Nililia hadi nikatapika. Lakini nikwambie, maneno yale yalinitua siku ile tu. Nilipokuwa na ishirini nikawa siwezi kusema nina tisa, na nilipokuwa na arobaini sikuweza kabisa.

Miaka michache baadaye vita vikaja. Hayo unayajua, kila nyumba ya Kibajuni ina hadithi yake, na mimi nimechoka kuisimulia yetu. Sisi tulikimbilia Kenya. Bibi alifia kambini, hakufikisha hata mwaka. Sista hakuja nasi. Alisema wapo wanawake wenye mimba ambao hawawezi safari ya bahari, na nani atabaki nao? Huko kambini nilikutana na mama mmoja wa upande wa mtoni aliyeniambia kwamba muuguzi mwenye msalaba ndani ya nguo alimzalisha kando ya njia, akamfunga mtoto kwa kipande cha shali, akaendelea kwenda na wengine. Hiyo ndiyo habari yake ya mwisho. Hakuna niliyemuuliza baadaye aliyejua zaidi. Hana kaburi ambalo naweza kulitembelea.

Siku ya pili ya safari yangu nilipapata mahali pa kanisa. Pana ua wa mabati na magari mabovu, na mwenyewe aliniuliza kama nataka kununua kipuri. Ukuta wetu mfupi haupo, kisima kimefukiwa. Ile hospitali ni maduka. Nilisimama barabarani na mkoba wangu kama mgeni, nikatafuta mtu mmoja tu wa rika langu wa kumwambia hapa ndipo palipokuwa kanisa, sikumpata. Vijana walinijibu Kisomali hata nilipowaamkia Kibajuni. Mmoja alicheka akasema bibi yake husema hivyo hivyo.

Siku ya tatu nikaenda kwa mtu ambaye kwa ajili yake nilitoka Mombasa. Mume wa mama mdogo yuko hai. Alioa tena, akapata watoto, na sasa anakaa kwa binti yake hapo hapo Kismayu, mzee sana, macho yameingia ukungu. Binti akanikaribisha, akaniwekea mto nyuma ya mgongo, akaleta chai na malawahi, zile chapati nyembamba za maji. Mzee hakunitambua kwa sauti. Nikamtajia jina la baba, akanipapasa uso kwa vidole, akacheka.

Nikasubiri binti atoke, nikamwambia. Nilimwambia bila kuzunguka, maana sina tena nguvu za kuzunguka. Kwamba siku ya tume niliulizwa, nikasema sijui, na nilikuwa najua. Kwamba nilimwacha Sista peke yake, na yeye pia nikamwacha. Kwamba nimekuja kuomba radhi.

 Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Mzee akauliza jambo ambalo katika miaka yote ile sikuwa nimeliwaza hata mara moja.

"Mlipita njia gani?"

"Wapi, baba?"

"Kutoka gatini. Wewe na yeye. Sikupata kukuuliza. Ulisema hujui, nami nikaona si vyema kumtesa mtoto. Hakuna mwingine aliyekuwa naye asubuhi ile."

Ndipo nikaelewa nilichomnyima. Tume ilikuwa na Sista, na Chovae ilikuwa na Sista. Yeye, saa ile moja ya mwisho ya mkewe ilikuwa kwangu mimi tu, na nilikuwa nimekaa nayo miaka hii yote, nimeifungia pamoja na aibu yangu.

Basi nikamweleza. Kwamba tulipita nyuma ya maghala kwa sababu ya kivuli. Kwamba kamba ya kiatu chake ilikatika, akavivua vyote viwili akavitia kikapuni mwangu, akawa anarukaruka mchanga ulipomuunguza, na tumbo lile, huku akicheka na kunikataza nisicheke. Kwamba alitamani embe bichi la chumvi na pilipili, tukasimama kwa mwanamke mwenye kuuza, akala nusu akanipa nusu. Kwamba alisema akizaa mwana wa kike atampa jina la mama yake, na akiwa wa kiume atamwachia mumewe achague, "maana asipoachiwa atanuna mwezi mzima."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Machozi yalikuwa yakimtiririka kwenye ndevu wala hakuyapangusa. Chai yetu ilikwisha kupoa. Akajisogeza karibu nami kwenye mkeka, akakiinamisha kichwa upande wa sikio linalosikia.

"Haya," akasema, "anza tena. Tangu gatini."